Mrejesho: nilivaa kilti kwenye chakula cha jioni melini

Wakuu, habari zenu. Niliuliza kama mimi, Mtanzania niliyeoa Glasgow, naweza kuvaa kilti, ile sketi ya drafti ya wanaume wa Uskoti, aliyonipa baba mkwe kwenye zile jioni rasmi za meli ya kitalii, Southampton hadi Norwei. Tumerudi salama.

Jibu ni ndiyo, tena bila wasiwasi. Nilivaa jioni zote mbili: kilti yenye drafti za kijani na buluu nzito ziitwazo Black Watch, koti fupi jeusi, tai ya kipepeo, soksi nyeupe hadi chini ya goti. Kile kisu kidogo cha soksini, sgian dubh, nilikiacha nyumbani kama mlivyonionya. Nawashukuru sana, maana mizigo yote ilipita kwenye mashine ya ukaguzi.

Kazi ilikuwa kukaa. Kilti ya yadi 8 ina marinda mengi nyuma, na ukijibwaga tu kitini yanajikunja vibaya. Mke wangu alinifundisha kuyalaza kwa viganja, kuanzia kiunoni kushuka, huku nakaa taratibu. Ule mkoba mdogo unaoning'inia mbele ya kilti unausogeza ubavuni kabla ya supu. Mbele kilti ina matabaka mawili yanayopishana, na pini yake ichomwe tabaka la juu peke yake. Ukiyachoma yote mawili pamoja, kitambaa kinaweza kuchanika.

Kwenye begi niliiviringisha kwa urefu, nikaiingiza ndani ya soksi ndefu ya kike. Haikuhitaji pasi.

Baba mkwe nilimtumia picha. Alinipigia saa hiyohiyo, sauti inamtetemeka, akaniita mwanangu.