Tupeane uzoefu: Puyo Puyo, mnapangaje hadi mnyororo wa 5 (mapasuko 5 yanayofuatana yenyewe)?

Katindo_Mchezaji
Wandugu wa Goma, tuweke hapa mbinu za michezo ya rangi zinazoanguka. "Cheza sana utazoea" hatutaki, semeni rangi ipi inakaa wapi. Naanza na Puyo Puyo ya Compile, 1991: nguzo 6, mistari 12 inayoonekana, vitonge vinashuka viwiliviwili, na 4 vya rangi moja vikigusana vinapasuka. Kugusana kwa mshazari hakuhesabiwi.

Yaya wa Himbi
Anza na ngazi. Nguzo ya 1, kushoto kabisa, iache tupu. Ya 2: vyekundu 3, juu yake kijani 1. Ya 3: kijani 3, juu bluu 1. Ya 4: bluu 3, juu njano 1. Ya 5: njano 3, juu chekundu 1. Ya 6: vyekundu 3 basi. Sasa simamisha jozi yenye chekundu chini, iangushe nguzo ya 1. Vyekundu vinapasuka, kijani cha juu kinashuka hadi sakafuni kugusa wenzake watatu, na vivyo hivyo mpaka ukutani.

Angalizo: usiweke kijani juu ya nguzo ya 2 vyekundu vikiwa 2. Kitakaa mstari wa 3, kando ya kijani cha nguzo ya 3, na kila kitu kitapasuka kabla ya wakati.

Birere77
Aksanti yaya. Niongeze hesabu, maana wengi wanapasua vinne vinne kwa pupa. Hatua ya 1 ya vitonge 4 ni pointi 40, ya 2 ni 320, ya 3 ni 640, ya 4 ni 1280, ya 5 ni 2560. Jumla 4840. Katika Puyo Puyo Tsu (1994) kila pointi 70 humtupia mpinzani jiwe 1 (kitonge cha kumzibia uwanja), kwa hiyo ngazi hiyo ni mawe 69, ingawa kwa mara moja hayashuki zaidi ya 30. Makundi matano ya vinne yakipasuliwa moja moja bila mnyororo ni pointi 200 tu!

Ndosho_Kimya
Nguzo ya 3 ndiyo mlango wa kuingilia vitonge. Ikijaa hadi juu umekwisha, hata nyingine zikiwa tupu. Na jozi ikibanwa kati ya nguzo mbili ndefu, kwenye Tsu bonyeza kugeuza mara mbili upesi, itapinduka.

Katindo_Mchezaji
Na wawili kwenye kibodi moja ya laptop?

Birere77
Vitufe vingi vikibonyezwa pamoja, vingine kibodi haivisikii. Mmoja ashike manete (kidhibiti cha mkononi). Kwa emuleta (programu ya kuchezea michezo ya zamani kwenye kompyuta), hifadhi mchezo kila mara, umeme wetu mnaujua.

Yaya wa Himbi
Wa Columns (Sega, 1990) wasichukue ngazi hii. Kule vito 3 vinashuka vimesimama na havilali, kitufe kinazungusha mpangilio tu, tena mshazari unahesabiwa. Dr. Mario nayo inataka 4 kwenye mstari ulionyooka. Kona haifai kitu.