Naomba ushauri: kumpandisha mama Masada

Ndugu zangu habarini, wakubwa shikamooni. Mwezi wa nane nampeleka mama hija ya Nchi Takatifu na wenzake wa kanisani. Siku moja tutakuwa Masada, ile ngome ya Herode Mkuu juu ya mlima wa jangwani, kando ya Bahari ya Chumvi. Mama ana miaka 68 na magoti yanamsumbua, ila tangu asome kwa Josephus, mwanahistoria Myahudi wa zama hizo, habari za wale Wayahudi 960 waliochagua kufa kuliko kushikwa na Warumi, mwaka 73 hivi, kusubiri chini hataki hata kusikia.

Kiongozi anasema tupande kwa kigari cha kwenye waya, upande wa mashariki. Mama anataka magharibi, akanyage tuta lenyewe walilojaza askari wa Silva, jemadari wa Kirumi, ili waifikie ngome. Ni fupi, lakini ni mwinuko, na basi lazima lizungukie mji wa Arad.

Waliofika: tuta lile mwenye magoti mabovu analiweza? Na kule juu, zile ngazi za kushukia jumba la Herode la kaskazini, nimkataze? Jua la Agosti nalo linanitisha. Mlipanda saa ngapi?