Mama anataka tochi

*Kikundi: UKOO WA RHOTIA 🐄*

Jumanne, saa 12:40 asubuhi

Neema: Shikamooni wote. Bibi amesema niwaandikie. Usiku fisi wamerudi. Wamepenya kwenye michongoma upande wa korongo, wamemchukua yule kondoo mwenye baka jeusi mgongoni.

Elia (Arusha): Marahaba mama. Aisee poleni sana. Mbwa walikuwa wapi?

Neema: Walibweka baba, hadi wakakauka sauti. Bibi alitoka na tochi ya simu. Anasema ilikuwa inammulikia viatu vyake tu, zaidi ya hapo giza.

Paulina: Mama ametoka PEKE YAKE na fisi wako nje??

Neema: 🎤 Bibi, sekunde 9. Anasema: "Nisingetoka wangemaliza zizi zima. Pole zenu nimezipokea. Sasa nataka tochi."

Elia (Arusha): Hiyo imekwisha Mama. Kuna moja nimeiona mtandaoni, lumeni laki moja, inamulika kilomita 2, elfu 28 tu na wanaleta mpaka mlangoni. Cheki 👇
[Picha]

Baraka (Dar): Shikamoo kaka. Lumeni laki moja kwa elfu 28?

Elia (Arusha): Imeandikwa kwenye boksi.

Baraka (Dar): Na mimi nikiandika kwenye fulana kwamba ni waziri, utanipigia saluti? Taa ya mbele ya gari lako, ile yenye balbu ya kawaida, inatoa kama lumeni elfu moja hivi. Hiyo yako ni sawa na taa mia za gari kwenye kitu cha kuweka mfukoni. Ingekuwa kweli Mama angeungua mkono kabla fisi hajageuka.

Paulina: 😂😂

Elia (Arusha): Sawa fundi simu, tufundishe basi.

Baraka (Dar): Nifungue duka kwanza. Saa nne nitaandika.

Paulina: Mi nakumbuka tochi ya Baba, ile ya bati ya betri tatu kubwa. Ilikuwa haina maneno mengi.

Neema: Ipo shangazi, juu ya kabati. Betri zilivujia ndani, zimeoza humo humo. Bibi anaitumia kuzuia mlango wa stoo.

Saa 4:25 asubuhi

Baraka (Dar): Haya. Lumeni ni mwanga wote unaotoka kwenye tochi, ukiujumlisha. Kandela ni ukali wa ule mwali wa katikati. Chukua ndoo moja ya maji. Ukiimwaga uani, unalowesha uani pote. Maji yale yale ukiyasukuma kwenye mpira mwembamba, yanafika kwa jirani. Ndoo ni ile ile. Kwa hiyo mtu akikutajia lumeni peke yake, amekwambia ukubwa wa ndoo, hajakwambia maji yanafika wapi.

Baraka (Dar): Halafu hizo mita za kwenye boksi. Hata zile za kweli, kipimo chao ni mwanga ukishafifia hadi kuwa kama wa mwezi mpevu. Hapo ndipo wanapohesabia. Kandela 10,000 ni mita 200. Ukitaka mita 400 siyo 20,000, ni 40,000. Umbali ukiongezeka mara mbili, ukali lazima uwe mara nne. Na kwa mwanga wa mbalamwezi hutajua kama lile ni fisi au mbwa wa Mzee wa kanisa. Mimi nagawa kwa mbili.

Elia (Arusha): Kumbe kuna hesabu.

Baraka (Dar): Neema, kutoka mlangoni kwa Bibi hadi zizini ni hatua ngapi? Na kutoka zizini hadi kwenye michongoma? Nihesabie leo.

Neema: Sawa baba mdogo.

Mjomba Daktari: Habari za asubuhi wanangu. Dada pole kwa kondoo. Nimesoma yote. Baraka amesema vizuri, lakini mnazungumzia fisi tu. Dada yangu, yule mtamba wako Malaika anazaa lini?

Neema: Bibi anasema kiwele kimeshajaa, na huku nyuma pamelegea. Anaona ni wiki hii.

Mjomba Daktari: Basi. Fisi huja mara moja kwa mwezi, mtamba anayezaa kwa mara ya kwanza anataka kuangaliwa kila baada ya saa moja au mbili usiku kucha. Tochi inayopiga mita 400 ukiiwasha ndani ya banda, unaona duara jeupe linalokuumiza macho na pembeni yake giza. Na ng'ombe anashtuka, anasimama, uchungu unasitasita. Humo unataka mwanga uliotawanyika, wa kadiri, lumeni 100 au 200 zinatosha kabisa.

Paulina: Mjomba, nasikia kuna zenye taa nyekundu ambazo mnyama hasumbuki nazo.

Mjomba Daktari: Zipo na zinasaidia. Ng'ombe jicho lake halishiki nyekundu kama sisi. Ukitaka kuchungulia tu kama kalala au kasimama, washa nyekundu. Lakini ukishafika kwenye kazi yenyewe, zima. Kwenye taa nyekundu damu huioni. Ng'ombe anatokwa damu mbele yako wewe unaona maji. Nimewahi kumkuta mfugaji mmoja amekaa hivyo na taa yake ya bei mbaya, ameridhika kabisa.

Mjomba Daktari: Na siafu vilevile. Kwenye nyekundu sakafu yote inaonekana udongo.

Neema: Mjomba babu usitaje siafu 😭 Mwaka jana waliingia kwenye banda la kuku usiku, asubuhi tukakuta manyoya.

Mjomba Daktari: Ndama aliyefungwa kamba naye hawezi kuwakimbia. Kwa hiyo mwanga mweupe, tena usiwe ule wa kibuluu kama wa hospitali. Ule unaoelekea manjano kidogo unaonyesha rangi za kweli. Ukimfunua mbuzi kope uangalie kama damu imepungua, kwenye ile ya kibuluu kila mbuzi ni mgonjwa.

Saa 7:10 mchana

Neema: Nimehesabu. Mlangoni hadi zizini hatua 34. Zizini hadi michongoma 61. Kuvuka korongo hadi ukingo wa pili sikwenda, Bibi anakadiria kama mara mbili ya hapo.

Baraka (Dar): Asante. Kwa hiyo korongo lote halifiki mita 200. Kilomita 2 za kaka Elia tungekuwa tunawamulikia watu wa kijiji kingine.

Elia (Arusha): Nimeshaelewa, niache.

Neema: 🎤 Bibi, dakika 1 na sekunde 12. Naandika yote: "Baraka mwanangu, sikiliza. Usiku natoka na fimbo mkono huu. Mkono wa pili nafungua lango, maana lile komeo linataka kunyanyuliwa. Tochi naishika na nini? Nikiiweka mdomoni meno yenyewe unayajua. Na nikimvuta ndama nataka mikono yote miwili. Tena ile tochi ya Paulina ya mwaka juzi, unabonyeza inawaka, unabonyeza tena inafifia, unabonyeza tena inacheza disko. Ng'ombe walikimbia wakavunja ua. Asubuhi na baridi hii vidole vyangu havitaki vitufe vidogo. Nataka inayowaka na kuzimika."

Paulina: Mama pole, sikujua ilivunja ua 🙈

Baraka (Dar): Hapo ndipo tungeanzia. Tulikuwa tunabishana kandela na hatujamuuliza anayetoka.

Mjomba Daktari: Ya kichwani, ya kazi za bandani. Dada akiona kwato mbili zimetoka na nyayo zake zinatazama chini, na pua imelala juu yake, ndama anakuja vizuri, asiguse. Nyayo zikitazama juu huenda ni miguu ya nyuma, anipigie hapo hapo. Na chupa ikishapasuka, saa moja ikipita hakuna kinachosogea, anipigie vilevile. Hayo huwezi kuyaona huku tochi iko kwapani.

Elia (Arusha): Na fisi?

Baraka (Dar): Ya pili, ya mkononi, mwali mwembamba. Mbili za kiasi zinamfaa kuliko moja ya kutisha. Ila ziwe zinatumia betri ya aina moja, moja ikiisha anahamisha.

Elia (Arusha): Lakini disko lenyewe si linafukuza wanyama? Yule kijana wa Kimaasai wa Kenya, Richard Turere, si alifukuza simba kwa taa za kuwakawaka?

Baraka (Dar): Kweli, kule karibu na Hifadhi ya Nairobi. Lakini kumbuka alivyogundua: alikuwa anazunguka zizi na tochi, akaona simba wanaogopa mwanga unaotembea. Ndiyo akafunga balbu kuzunguka zizi, betri ya gari, sola, na kile kidude cha indiketa ya pikipiki, ziwe zinawaka kwa zamu kama kuna mtu anatembea. Alikuwa na miaka 11. Zile zinatazama nje, hazimulikii ng'ombe wake machoni. Tukipata hela tumfungie Mama.

Paulina: Miaka 11. Elia wewe ulikuwa unaogopa kwenda chooni.

Elia (Arusha): 😐

Jumatano, saa 10:05 jioni

Baraka (Dar): Nimezunguka Kariakoo leo. Nimepata. Ya mkononi elfu 60, ya kichwani elfu 32, chuma siyo plastiki, zote betri za 18650, zile za lithiamu za duara za kuchaji, swichi moja kubwa ya nyuma kwa ile ya mkononi: washa, zima. Zinavumilia mvua. Zinachajiwa kwa waya wa simu, kwa hiyo sola ya Mama inatosha umeme ukikatika.

Baraka (Dar): Sasa betri. Muuzaji wa kwanza kanipa imeandikwa 9,900 mAh, yaani ujazo wa umeme. Hakuna 18650 yenye ujazo huo duniani, nzuri nyingi zinaishia 3,500 au 3,600. Nikaenda nayo kwa sonara wa jirani, nikamwomba mizani yake ya dhahabu. Gramu 31. Nikapima moja ya kwangu ninayoiamini: gramu 46. Nimemrudishia bila maneno. Akainama chini ya meza akanitolea "zile za wanaojua". Gramu 45. Nimechukua 3.

Paulina: 😂😂 Betri imepimwa kama pete ya ndoa.

Baraka (Dar): Usiicheke. Za uongo ndizo zinazovimba na kushika moto. Neema, kuchaji ni mezani mchana, mkiwa mnaiona. Siyo kitandani, siyo stoo kwenye majani ya ng'ombe. Nimeziweka kwenye basi la leo usiku, kesho jioni mpokee stendi ya Karatu.

Alhamisi, saa 3:48 usiku

Neema: Zimefika!! Bibi kavaa ya kichwani juu ya kilemba, anaonekana mchimba Tanzanite.

Neema: Ile ya mkononi tumemulika korongo, tunaona hadi ukingo wa pili, jiwe kwa jiwe. Na macho! Mbuzi wote macho yanawaka.

Mjomba Daktari: Ndani ya jicho nyuma kuna utando unaorudisha mwanga kama kioo. Ng'ombe, mbuzi, kondoo, mbwa, paka, fisi, wote wanao. Ishike tochi karibu na macho yako mwenyewe, usawa wa shavu, ndipo utayaona vizuri. Ukiishika kiunoni hayawaki sana.

Paulina: Mjomba mbona nguruwe wangu siwaoni macho?

Mjomba Daktari: Nguruwe hana utando huo. Binadamu pia.

Elia (Arusha): Kwa hiyo mwizi haonekani?

Mjomba Daktari: Macho yake hayawaki. Mtafute kwa miguu.

Neema: Bibi anasema amejaribu kuhesabu kondoo kwa macho, kapata 21 badala ya 24. Moyo ukamlipuka. Kumbe watatu wamelala wamegeukia ukutani.

Neema: Na ukungu umeshuka sasa hivi, ile ya kichwani imekuwa ukuta mweupe, hatuoni kitu.

Baraka (Dar): Aivue aishike chini, usawa wa goti. Mwanga ukitokea karibu na macho, ukungu unakurudishia usoni. Ni kama kuwasha taa ndefu za gari kwenye ukungu.

Neema: Kweli! Sasa tunaona chini.

Mjomba Daktari: Na dada, ukiona kitu kikubwa cha kijivu kwenye mahindi, usikisogelee na tochi yako mpya. Tembo wakishuka kutoka msituni, zima, rudi ndani, waite vijana wa kijiji.

Neema: Anasema tembo anamjua tangu kabla hujazaliwa.

Jumamosi, saa 9:20 usiku

Neema: Mjomba babu uko macho? Chupa imepasuka saa nane na nusu. Miguu miwili, nyayo zinatazama chini. Pua imeanza kuonekana.

Mjomba Daktari: Niko macho. Msiguse. Taa ielekee pembeni, isimpige Malaika usoni.

Saa 9:51 usiku

Neema: Ametoka! Jike! Bibi kamsafisha pua na mdomo, anapumua, mama yake anamlamba. Fisi mmoja alikuwa analia ng'ambo ya korongo, Bibi kanituma na ile ndefu. Nimeona macho mawili, nikayamulika, yakageuka yakaenda.

Paulina: Mungu mkubwa 🙏 Neema umesimama ndani ya zizi lakini?

Neema: Mlangoni kabisa shangazi, na mbwa wote.

Mjomba Daktari: Hongereni. Sasa angalieni kondo la nyuma lije lenyewe, mhesabu saa. Na anyonye kabla hakujakucha.

Jumapili, saa 8:15 mchana

Paulina: Mahesabu. Tochi mbili, betri 3 na basi ni 131,000. Mimi nimetoa 50, Mjomba 30, Baraka 31. Elia bado 20.

Elia (Arusha): Natuma jioni. Nilikuwa nimeshalipia ile nyingine.

Baraka (Dar): Ile ya lumeni laki moja?? Imefika?

Elia (Arusha): Imefika jana.

Baraka (Dar): Na?

Elia (Arusha): Inafaa kutafutia funguo.