Waandaaji wa matamasha ya bure Kigoma mmetuchosha: jua machoni, vumbi kooni, choo hakuna

Wakuu salaam.

Kiangazi ndicho hiki. Mvua zimekata tangu Mei, hazirudi mpaka Oktoba huko, na gari la matangazo halikauki barabarani: Mwanga, Gungu, Katonga, Ujiji, linanadi tamasha la bure ufukweni au kwenye kiwanja cha wazi. Watu wa Kigoma tunayapenda haya mambo. Ngoma za Kiha zikipigwa nje, kwaya, singeli, mashindano ya mitumbwi, samaki aina ya migebuka wanageuzwa juu ya mkaa, mtu asiye na hela ya kiingilio anapata wapi raha kama hiyo? Ndiyo maana nina hasira. Kitu kizuri hivi kinaharibiwa na watu ambao ukiwauliza kwa nini hakuna choo wanakujibu, "Si ni bure?"

Bure kwa nani? Mtu amelipa nauli kutoka Ujiji na ya kurudi. Mama amefunga genge mapema, hiyo ni hela ya jioni nzima. Na mdhamini ametoa fedha zake kwa sababu ya vichwa hivyo hivyo mnavyovianika juani. Kundi la watu ndilo bidhaa mliyomuuzia. Hudumieni watu.

Naanza na jukwaa, maana hapa ndipo uzembe unapoonekana kwa macho. Kila tukio la ufukweni linajengewa jukwaa upande wa ziwa, ili picha zipendeze. Ziwa letu, Tanganyika, liko magharibi. Maana yake watu elfu tatu wanasimama wakitazama jua linalotua. Katikati ya Julai Dar es Salaam jua linazama kama saa 12:22 jioni, Kigoma linazama kama saa 1:03. Dakika 40 zaidi! Ratiba iliyopangwa kwa saa ya Dar inadhani saa 12 na nusu giza limeingia na taa zitapendeza. Huku saa 12 na nusu jua bado liko usoni, limeshuka kwenye usawa wa macho, na linaakisiwa na maji kwa hiyo linakupiga mara mbili. Tazameni akina mama wanavyosimama: mkono mmoja umebeba mtoto, wa pili umeziba uso wa mtoto, macho yake mwenyewe hayana mkono. Mchezaji aliye jukwaani anaonekana kivuli cheusi tu.

Dawa haigharimu hata shilingi. Jengeni jukwaa upande wa kusini wa kiwanja, watu watazame kusini. Miezi hii jua linatua magharibi likielemea kaskazini, kwa hiyo litakuwa nyuma ya bega la kulia la mtazamaji, na wasanii wanapata mwanga wa ubavu unaopendeza kwenye picha. Zaidi ya hapo, upepo mkubwa wa kiangazi ziwani unatoka kusini, basi sauti inapelekwa kwa watu badala ya kurudishwa nyuma. Mtu mmoja akienda pale na simu yenye dira siku moja kabla, saa 11 jioni, anamaliza hiyo kazi kwa dakika kumi.

Upepo huo huo ndio unaoangusha mabango. Bango la nyuma ya jukwaa la mita 8 kwa 4 ni eneo la mita za mraba 32. Upepo wa mita 10 kwa sekunde unalisukuma kwa nguvu ya karibu kilo 200. Mafundi wanalifunga kwa kamba za manila kwenye vigingi vilivyochomekwa mchangani, na kigingi mchangani hakishiki. Kwanza pete ya kona inaanza kuchanika, bango linapiga kofi, kila pigo linang'oa uzi mwingine, halafu nguzo nzima inayumba juu ya vichwa vya watoto waliokaa mbele. Wekeni pipa la lita 200 lililojaa maji kwenye kila mguu wa fremu, mfunge humo. Tumieni bango la kitambaa cha wavu kinachopitisha upepo. Kama hamna vyote viwili, msitundike bango. Jina la mdhamini liandikwe mbele ya jukwaa, chini.

Muda. Tangazo linasema saa 8 mchana. Fundi mitambo anafika saa 10, anajaribu mikrofoni saa 11, msanii anayesubiriwa anapanda usiku sana. Watoto wameunguzwa na jua saa tatu nzima bila hata turubai moja la kivuli, na anayekaa Ujiji au Bangwe anaondoka kabla hajaona alichofuata kwa sababu ya usafiri. Tangazeni saa 10:30 jioni, muanze saa 10:30 jioni, mmalize saa 3:30 usiku wakati daladala bado zipo. Na mji huu una Waislamu wengi: Magharibi inaingia mara jua likizama, kama saa 1:05. Zimeni spika dakika 25. Hakuna mtu atakayeondoka kwa sababu ya dakika 25, ila wako wengi wasiokuja kabisa kwa sababu adhana inapigwa huku mshereheshaji anapiga kelele juu yake.

Sasa maji na choo. Hapa sibembelezi.

Kipimo cha watu wanaofanya kazi hii kwa uangalifu ni tundu 1 kwa wanawake 100, na kwa wanaume tundu 1 kwa 500 pamoja na mahali pa kukojolea. Watu 3,000, nusu wanawake: matundu 15 yao, 3 ya wanaume. Tunachokiona ni choo kimoja cha jirani chenye kufuli. Matokeo yake wanawake hawanywi maji tangu asubuhi kwa kujua wanakokwenda, halafu wanasimama juani saa tano. Hiyo ndiyo raha tunayoitiwa? Vyoo vya kubeba kama hamvipati, ongeeni na shule, msikiti, kanisa na nyumba za wageni za jirani wiki moja kabla. Lipeni mtu wa usafi kwa kila choo, pelekeni maji yenu, wekeni taa njiani na kibao cha mshale. Msichimbe shimo ufukweni. Mchanga unapitisha kila kitu, kinaingia ziwani, na mita mia mbele kuna watu wanachota maji ya kunywa.

Maji ya kunywa ndiyo yanayonitisha zaidi. Mkipiga marufuku watu kuingia na chupa ili mdhamini auze yake kwa bei ya kupaa, watoto hawaachi kusikia kiu. Wanashuka ziwani na chupa iliyokatwa shingo, wanachota pale pale kwenye miguu ya wanaoogelea, wanakunywa. Mkoa huu umeguswa na kipindupindu, mwaka 2015 kijiji cha Kagunga, mpakani na Burundi, kilikuwa msiba. Hatuhitaji kukumbushwa tena. Hesabu ni nyepesi: nusu lita kwa mtu, watu 3,000, ni lita 1,500. Simtanki mbili za lita 1,000 zinatosha kunywa na kubaki kidogo cha kunawa. Maji yakiwa maangavu, unga wa klorini wa asilimia 70 unawekwa gramu 3 kwa lita 1,000, unakorogwa kwanza kwenye ndoo, unamiminwa, mnasubiri dakika 30 ndipo mfungulie koki. Maji yakiwa na tope yachujwe kwanza, kwa sababu tope linaila klorini na hakuna kinachobaki cha kuua vijidudu. Tanki zikae mbali na jukwaa, koki nne kila moja, la sivyo foleni inageuka ugomvi.

Vumbi halina maelezo marefu. Kiwanja cha mita 60 kwa 40 kinataka lita 2,400 hadi 4,800, yaani boza moja la lita 5,000. Nusu inamwagwa jioni ya kuamkia siku yenyewe, nusu saa 8 mchana. Mkimwaga yote mara moja mnapata tope, na mkimwaga asubuhi tu saa 9 limeshakauka.

Njia ya kutokea. Uwazi wa mita 1 unapitisha watu wasiozidi 80 kwa dakika wakitembea kwa utulivu. Mkizungushia uzio na kuacha mlango mmoja wa mita 2, watu 3,000 wanahitaji karibu dakika 20, na hapo hakuna aliyekimbia. Wekeni milango mitatu, mmoja usiguswe na gari wala meza ya biashara. Bodaboda na bajaji zipangwe mita 100 nje. Sasa hivi zinaziba mlango wenyewe, kila mmoja anataka abiria wa kwanza. Na kama ni ufukweni, lazima mtumbwi mmoja wenye watu wawili wanaojua kuogelea, mipira ya tairi na kamba ndefu, tangu wa kwanza anapofika mpaka wa mwisho anapoondoka. Wazazi nanyi, mwandikieni mtoto namba yenu ya simu kwa kalamu ya wino ndani ya mkono, karatasi inadondoka.

Jambo la mwisho ni tarehe, na hili linaonyesha kabisa kwamba hamtujui. Wavuvi wa taa hawashuki ziwani mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu dagaa hawakusanyiki kwenye taa. Hizo ndizo siku vijana wa Kibirizi na Katonga wako nyumbani. Wekeni tamasha siku tatu kabla ya mwezi mpevu mpaka siku yenyewe, mwezi unakuwa juu tayari jua linapozama na njia za vilimani zinaonekana wakati wa kurudi. Siku tatu baada ya hapo mwezi unachelewa kutoka na watu wanarudi gizani. Mkiweka tarehe ya giza nene, nusu ya mji uko ziwani kazini. Ziwa likifungwa kwa uvuvi kama lilivyofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, hapo vijana wapo, ila suala la mwanga linabaki palepale.

NYONGEZA: Mkuu mmoja kwenye maoni amesema sauti mbovu ni kwa sababu ya spika ndogo. Hapana. Spika zinapangwa chini kabisa, kwa hiyo sauti nyembamba, zile zinazobeba maneno, zinamezwa na miili ya watu wa mbele. Wa mbele wanaumia masikio, aliye mita 50 nyuma anasikia besi tu, fundi anaongeza sauti, hali inazidi kuwa mbaya. Zipandishwe mpaka zipite vichwa, mita 2.5 au 3, zielekezwe chini kidogo. Kisha jozi moja iwekwe mita 40 mbele ya jukwaa, ichelewesheni milisekunde 116 kwenye mashine, kwa sababu sauti inakwenda takriban mita 345 kwa sekunde. Msipoichelewesha, wa nyuma wanasikia kila neno mara mbili. Na jenereta iwe upande upepo unakoelekea, mita 30 toka kwa watu. Mkiiweka kusini, moshi wote unaishia kwa mama lishe na watoto.

Mwandaaji yeyote anayesoma hapa, kabla ya gari la matangazo kupita, weka kwenye uzi huu mchoro wa kiwanja: jukwaa linatazama wapi, vyoo vingapi, tanki ziko wapi, milango mingapi. Tutakusahihishia bila malipo.