Mpini wa shoka la kambi umekatika shingoni: mlingoti, mwati, mpera, mninga au bomba?

Mpanda Milima

Wakuu, heshima kwenu. Nina kishoka cha kambi, kichwa kimegongwa muhuri wa gramu 700. Mgeni mmoja niliyempandisha Ziwa Ngosi aliniachia alipokuwa anarudi kwao. Mpini ulikuwa wa hikori, ule mti wa Marekani, na sasa umekatika shingoni, chini kidogo ya kichwa. Mtu alipiga, makali yakapita gogo, shingo ndiyo ikatua kwenye gogo. Chuma ni kizima na sitaki kukitupa.

Ushauri nilioupata mpaka sasa: Sokoni Mwanjelwa kuna mipini ya jembe ya mlingoti (mkaratusi), nichukue mmoja nikauchonge. Seremala wa hapa Uyole ana kipande cha mninga kilichobaki kwenye kitanda. Fundi wa kuchomelea anataka kuniungia bomba, anasema nitamrithisha mjukuu. Duka la vifaa vya ujenzi lina mipini ya faiba, ile ya nyundo. Na rafiki yangu wa Dar anasema niagize hikori nje, ila kwa nauli ile naona bora ninunue shoka jipya kabisa.

Juni nina wageni wa kutembea Kitulo, na ukilala Matamba, kule Makete, mwezi huo bila kuni zilizopasuliwa utajuta alfajiri. Wenye uzoefu mnisaidie. Nawasilisha.

Chuma Mbeya

Mimi ni mtu wa kuchomelea na nakwambia usikubali bomba. Kichwa cha shoka kimepewa ugumu kiwandani kwa moto. Ukikichomelea, joto linatembea mpaka kwenye makali, na chuma kikishageuka bluu ujue ugumu umeondoka. Utanoa leo, kesho makali yamejikunja. Halafu bomba halimezi mtikisiko, wote unakuja kwenye kiwiko. Hapo sijagusia kushika chuma kitupu kwenye baridi ya Makete.

Mzee wa Kilolo

Kijana wangu, hapa watabishana jina la mti mpaka kesho. Mimi nakwambia tazama kwanza nyuzi, pili ukavu. Jina la mti ni la tatu. Mlingoti ulionyooka na kukauka utaushinda mninga wenye nyuzi zilizopinda, haijalishi mninga una sifa gani mjini.

Kuhusu nyuzi, geuza mpini utazame kitako chake. Mistari unayoiona pale inatakiwa ifuate uelekeo wa makali, isiyakate kama msalaba. Lakini miti yetu mingi mistari hiyo haijitokezi vizuri kama kwenye miti ya nchi za baridi, kwa hiyo kwetu ubavu ndio unaosema ukweli. Utazame ubavu kwenye mwanga: uzi unaoanzia juu ufike chini bila kutokea pembeni. Unapotokea pembeni ndipo utakapopasukia, na mara nyingi ni pale pale shingoni.

Ndiyo maana wazee hawakuchana mpini kwa msumeno. Walipasua gogo kwa kabari. Msumeno unakwenda unakotaka mwenye mkono, kabari inafuata uzi wa mti wenyewe. Gogo likipasuka limejikunja kama feni, hilo ni kuni, tafuta jingine.

Jambo jingine ambalo vijana wengi hawalijui. Shoka letu la kienyeji chuma kina mkia unaopenya kwenye kichwa cha mpini, ndiyo maana tunatafuta mti wenye kifundo kikubwa, hasa pale shina linapokutana na mzizi. Nyuzi pale zimesukana, hazipasuki, na kila ukipiga mkia unazidi kukaza. Shoka la kizungu ni kinyume chake: mpini ndio unaingia ndani ya chuma. Kwa hiyo ukimpelekea fundi wa mashoka ya kienyeji atakuchagulia kipande chenye kifundo kwa nia njema kabisa, na kitakufia.

Binti Tukuyu

Ugonile kaka. Huku kwetu mpini ni mpera. Mgumu, hauchomi mkono, ukichongwa unang'aa bila hata msasa mwingi. Shida yake haunenepi, na wengi wanachukua tawi zima wanalimenya tu. Tawi zima lina moyo katikati, likikauka linapasuka kuufuata ule moyo. Tafuta shina nene linalopasuka mara mbili, chonga nusu moja, moyo ubaki nje.

Na mtu asikudanganye na mparachichi kwa kuwa Rungwe imejaa. Ule ni wa matunda.

Sao Hill Damu

Mnauonea mlingoti bure. Australia ulikotoka ukoo huo kuna aina zake zinachongwa mipini ya shoka miaka yote. Mufindi nzima tunaulimia na kuupasulia.

Seremala Njombe

Mkuu Sao Hill, hakuna anayeuonea. Australia wana aina nyingi sana, na wanazochongea mipini si hizi tulizopanda kwa ajili ya nguzo na mbao. Mlingoti wetu ukikatwa una mkazo ndani yake, ndiyo maana ubao unajipinda ukiwa bado kwenye mashine. Mpini wa jembe unavumilia kupinda kidogo, mkono hauoni. Shoka likipinda kidogo unakosa gogo.

Mimi namshauri mwati. Huku Njombe ipo tangu TANWAT, kampuni ya miwati, ianze mwaka 1949, ililetwa kwa ajili ya magome ya kulainishia ngozi, na mti wenyewe watu wanauona wa mkaa tu. Lakini ni mgumu, mzito wa wastani, na ukichagua ulioota ukibanana na wenzake utapata shina lililonyooka bila vifundo. Mninga kwa kitanda hauna mpinzani, kwa sababu ukishakauka hautembei wala kujipinda. Kwa kugonga sina hamu nao: nyuzi zake zinapishana, ukichonga shingo nyembamba unakuwa umezikata. Na kama mtu atakushawishi ukajikatie mti wa asili porini, kumbuka kibali cha TFS, wale wakala wa misitu wa serikali. Kwa mpini mmoja haina haja ya kutafutana.

Mipini ya Mwanjelwa sikatai, ila mingi inauzwa mibichi. Ishike, utahisi ubaridi wake.

Mpanda Milima

Shukrani sana. Ukavu mnaupimaje bila mashine? Na vipi ile ya kuloweka kichwa kwenye ndoo usiku kucha mpini ukilegea? Naona wengi wanafanya.

Seremala Njombe

Mizani ya dukani inatosha. Pima kipande chako, andika kwa penseli juu yake, rudia kila wiki. Kikiacha kupungua uzito kimeshaafikiana na hewa ya hapo kilipo. Paka rangi au nta kwenye ncha zote mbili ili kisipasuke, kiweke kivulini penye upepo. Kina mama wanaokausha juu ya dari la jiko wanajua wanachofanya, ila kisikae karibu na moto.

Na usisahau majira yetu. Ukifunga mpini Machi, mvua bado zipo, mti umevimba. Agosti Mbeya hewa imekauka mpaka midomo inapasuka, mti umesinyaa ndani ya chuma, kichwa kinacheza. Watu wanamlaumu fundi.

Mzee wa Kilolo

Kuloweka ni kujidanganya, kijana. Mti unavimba, chuma hakipanuki, kwa hiyo nyuzi zinajiponda zenyewe mle ndani. Ukikauka unakuwa mwembamba kuliko jana. Kichwa kitaruka, na wewe una wageni wamezunguka moto.

Fundi Ipogolo

Kwa nini asifunge kama sururu? Mpini mnene juu, unaushusha kupitia tundu mpaka unakaza wenyewe. Hauhitaji kabari, na kichwa hakiwezi kuruka.

Chuma Mbeya

Kwenye sururu tundu ni kubwa. Hili la gramu 700 tundu lake ni dogo, na mpini mzima lazima upite humo. Utabaki na kijiti chembamba, tena bila kile kitako kilichotuna kinachozuia mkono usiteleze. Kwa shoka kubwa naweza kukubaliana na wewe. Kwa hili hapana.

Faiba nayo iko hivyo hivyo. Ile ya nyundo imetengenezwa kwa tundu la nyundo, huwezi kuichonga ikae kwenye shoka. Utajaza gundi, na gundi ndiyo itabeba kichwa.

Mpanda Milima

Basi bomba, faiba na sururu nimeviondoa. Mninga nao naona umeanguka kura. Kipande cha zamani bado kimo ndani ya tundu na kimeng'ang'ania. Jirani anasema nitupe kichwa kwenye moto mti uungue.

Chuma Mbeya

Usitupe kwenye moto!! Ni kosa lile lile la kuchomelea. Bana kichwa kwenye jiliwa, kata mti usawa wa chuma, toboa matundu mengi kwa drili, kisha usukume kwa nondo ukitokea chini kwenda juu. Upande wa juu ndio mpana.

Seremala Njombe

Tena hapo ndipo kazi ilipo. Tundu zuri la shoka ni jembamba upande wa chini, linapanuka juu. Mpini unaingia kwa chini ukiwa umekaza, halafu kabari inautanua juu, hauwezi kurudi. Kata mfereji wa kabari uingie theluthi mbili ya kina cha tundu, kwa urefu wa tundu. Kabari iwe ya mbao kavu, nyembamba, ndefu. Ukiingiza msumari mnene badala ya kabari unapasua tu.

Wakati wa kuvalisha usigonge chuma. Shika mpini kichwa kikiwa chini kinaning'inia, gonga kitako kwa nyundo ya mbao. Utashangaa kichwa kinapanda chenyewe. Kitoe, tazama palipoachwa alama nyeusi, kwangua hapo kwa kigae cha chupa, rudisha. Ni kazi ya subira, saa nzima inaweza kuisha hapo, na ndiyo inayotofautisha mpini wa kudumu na wa wiki mbili.

Binti Tukuyu

Kaka usisahau mafuta. Vanishi inaleta malengelenge mkononi. Paka ya kitani (linseed), maduka ya rangi wanayo. Ya alizeti yanakauka polepole mno, mpini unabaki unanata na kukusanya vumbi.

Seremala Njombe

Nyongeza: kitambaa ulichopakia mafuta ya kitani usikikunje ukakitupa kwenye pipa la maranda, kinaweza kujiwasha chenyewe. Kitandaze nje kikauke.

Mpanda Milima

Ndaga fijo dada, na wakuu wote. Nimeamua mwati. Fundi wa Njombe, unavyo vipande vikavu? Kukausha mwenyewe Juni itanikuta.

Seremala Njombe

Vipo, vilipasuliwa mwaka juzi. Nipimie tundu urefu na upana, juu na chini, maana haviko sawa. Na urefu wa mpini wa zamani, kitako mpaka shingoni. Nakuchongea kwa ukubwa, nyama ya ziada naacha pande zote, kwenye tundu umalizie mwenyewe ukiwa na kichwa mkononi. Sivalishi shoka kwa vipimo vya simu.