Habu ya gia za ndani kwa baiskeli ya umeme ya mkanda: niagize ipi kwa vilima vya Kampala?

Fundi Cherehani (Kansanga)

Wakubwa shikamoni, wadogo hamjambo.

Mimi ni fundi wa cherehani, si wa baiskeli. Kazi yangu ni kuzunguka: leo Kabalagala, kesho Makindye, kesho kutwa Muyenga kwa mama mmoja mwenye cherehani tano ambazo hazijawahi kupona zote siku moja. Nyuma nafunga sanduku la vifaa, na mara nyingine narudi na kichwa kizima cha cherehani, cha chuma. Ukipanda Tank Hill na mzigo huo ndipo unajua kama posho uliyokula mchana ilikuwa ya kweli.

Baiskeli niliinunua kwa familia ya Wazungu waliokuwa wanarudi kwao. Mota iko katikati, kwenye pedali, wati 250, imeandikwa Nm 50, ndiyo nguvu yake ya kuzungusha. Badala ya cheni ina mkanda wa Gates, meno 50 mbele na 22 nyuma. Gia zote zimo ndani ya habu ya nyuma, yaani kile kitovu cha gurudumu. Siku nilipouona mkanda nilicheka peke yangu, maana maisha yangu yote nimekula kwa mkanda, ule wa ngozi wa cherehani ya miguu. Huu hautaki oili, haupigi kelele, haushiki suruali. Ukijaa vumbi jekundu naumwagia maji ya chupa, basi.

Tatizo ni habu. Kampuni siitaji, kwa sababu kosa si lao. Aprili mvua ilinikuta Clock Tower, maji yakapanda juu ya ekseli, nami nikapita kwa ubishi. Wiki mbili baadaye gia zikaanza kuteleza. Fundi mmoja mjini akaifungua, akaiosha kwa petroli, akaishindilia grisi nzito ya magari na kuifunga. Kwenye sahani yake vikabaki vipande viwili vidogo vya chuma. Akaniambia, "Hivi havina kazi." Miaka kumi na tisa nafungua mashine za watu, sijaona kipande kisicho na kazi.

Sasa dada yangu anayeishi Utrecht anakuja Desemba na amekubali kunibebea habu. Nimesoma habari za habu mpaka macho yanauma: Nexus 8 ya Shimano yenye gia nane, Enviolo, Rohloff. Muuzaji mmoja amemwambia dada kwamba Enviolo ina asilimia 380 na Nexus 8 ina 307, kwa hiyo Enviolo inapanda mlima zaidi. Ni kweli? Na Rohloff ile, mbona bei yake ni kama ya shamba?

Spoki36 (Jinja)

Kaka, pole na vipande viwili.

Hiyo habari ya asilimia imewapoteza wengi. Asilimia 307 au 380 ni tofauti kati ya gia nyepesi kabisa na nzito kabisa. Haikwambii ile nyepesi ni nyepesi kiasi gani. Tupige hesabu kwa mkanda wako. 50 kwa 22 ni 2.27. Gia ya kwanza ya Nexus 8 inazidisha kwa 0.527. Enviolo ya asilimia 380 inaanzia 0.5. Kwa gurudumu la inchi 28, linalotembea kama mita 2.2 kila likizunguka, Nexus inakupa mita 2.6 kwa mzunguko mmoja wa pedali na Enviolo mita 2.5. Ukikanyaga mizunguko 60 kwa dakika, ni kilomita 9.5 kwa saa dhidi ya 9. Huko Tank Hill hutaiona tofauti.

Enviolo inapata ule ziada juu, kwenye mwendo wa kasi: inafika 1.9, Nexus inaishia 1.615. Lakini kama baiskeli yako ilitengenezwa kwa sheria za Ulaya, mota inaacha kusaidia ukifika kilomita 25 kwa saa. Gia ya nane ya Nexus, kwa mizunguko ileile 60, tayari ni kilomita 29. Hiyo ziada utaitumia wapi, ukiteremka kuelekea Ggaba?

Rohloff ndiyo mnyama mwingine. Gia 14, asilimia 526, na ya kwanza yake kwa mkanda wako inatembea mita 1.4 tu. Kilomita 5 kwa saa, yaani unapanda ukuta. Inatengenezwa Ujerumani tangu 1998. Bei inazidi yuro 1,000, zaidi ya milioni nne za kwetu, na inataka kubadilishwa oili kila kilomita 5,000 au mara moja kwa mwaka. Ni habu nzuri kuliko zote hizo. Ila ukiiegesha nje ya duka Kabalagala, wewe ndiye utakayekuwa askari wake.

Mteremko (Kabale)

Mimi natumia Enviolo na simsikilizi Spoki leo. Hesabu zake ni sawa, lakini yeye anapanda na kalamu. Mle ndani hamna gia za meno, kuna mipira ya chuma inayoinama, kwa hiyo hakuna gia ya kwanza wala ya pili, unazungusha mkono tu mpaka mguu uridhike. Na kubwa zaidi: unaweza kubadilisha ukiwa umesimama. Boda akikukatia ghafla mlimani ukabanwa kwenye mwendo mzito, unazungusha palepale na kuondoka taratibu.

Nakiri inakula nguvu kidogo kuliko gia za meno, na ni nzito, karibu kilo mbili na nusu. Mota inalipia hayo. Betri ikiisha ndipo nakumbuka dhambi zangu.

Mzee wa Soroti

Vijana, gia za ndani mnaziongea kama zimeshuka jana. Baba yangu alikuwa na Raleigh yenye Sturmey-Archer ya gia tatu, ile AW iliyoanza kutengenezwa 1936. Gia ya kati moja kwa moja, ya chini inapunguza robo, ya juu inaongeza theluthi. Kwenye habu kulikuwa na kifuniko kidogo cha kutilia oili, na Jumamosi jioni kazi hiyo ilikuwa yangu. Matone machache tu. Nikizidisha inachuruzika kwenye spoki na nachapwa.

Fundi, huyo aliyekuwekea grisi ya gari alikuulia habu. Vile vijino vya ndani vinasukumwa na springi nyembamba kama unywele. Grisi nzito ikivishika havinyanyuki kwa wakati, na ukikanyaga vinateleza.

Fundi Cherehani

Mzee, asante, umenifungua macho. Springi nyembamba nazijua, ile ya kukaza uzi kwenye cherehani ukiigusa kwa kidole chenye grisi umeharibu siku ya mteja.

Mteremko, nimekuelewa kuhusu kusimama mlimani. Lakini swali la fundi: Enviolo ikiharibika, naifungua?

Mteremko (Kabale)

Hapana. Imefungwa kiwandani, na mtumiaji hatarajiwi kuifungua. Hapo umenishika.

Spoki36 (Jinja)

Basi umejijibu, kaka. Wewe ni mtu wa kufungua. Nexus 8 mashine yake ya ndani inatoka nzima kama konokono kwenye gamba, unaichovya kwenye oili yake, unaiacha ichuruzike, unarudisha. Na Nm 50 zako si za kutisha. Uholanzi mota za kati za aina hiyo zimefungwa na Nexus 8 kila mtaa. Ungekuwa na mota ya nguvu zaidi au baiskeli ya mizigo ningekupeleka kwenye Nexus 5, ambayo Shimano waliitengeneza kwa ajili ya baiskeli za umeme, ila hiyo ina asilimia 263 tu.

Habu iliyo nyuma ya mota ya kati inabeba mguu wako pamoja na mota. Kwa hiyo kabla ya kubadilisha gia, legeza mguu nusu sekunde, mota nayo inyamaze. Ukishindilia huku unabadilisha, hata mpya utaiua.

Kabla dada hajalipa, mwambie haya. Ahesabu matundu: zipo za 32 na za 36, na lazima yalingane na rimu yako. Aangalie breki: kule zinauzwa za diski, za rola, na zile za kurudisha pedali nyuma, na kwa nje zinafanana kwa asiyejua. Sproketi ya mkanda, lile gurudumu la meno la nyuma, ainunue pamoja na habu, iwe ya habu hiyo, isimame mstari mmoja na ya mbele. Cheni husamehe ikienda upande, mkanda hausamehi. Na asisahau zile washa mbili, vile vipete bapa vya chuma vya kuzuia ekseli isizunguke. Shimano wanazitofautisha kwa rangi kulingana na fremu, kulia na kushoto. Nimeona mtu amepata habu Entebbe bila washa, akakaa miezi minne akiitazama.

Mkanda wa akiba ukiletwa, usikunjwe ukavunjika kona. Nyuzi zake za kaboni zikikatika ndani huoni kitu nje, utaona barabarani.

Fundi Cherehani

Nimetoka nje na tochi nikahesabu: matundu 36, breki ya diski. Kwenye mkanda imeandikwa 118, idadi ya meno yake. Dada ametumiwa picha za pande zote mbili za fremu, pale ekseli inapokaa, apeleke dukani wamchagulie washa.

Amejibu: "Haya yote ni ya baiskeli moja?"

Nimemwambia alete na sindano za cherehani namba 14, pakiti kumi. Spoki, ikifika nitakuja nayo Jinja kwa basi tuifunge spoki pamoja. Sahani ya kuwekea vipande nitaleta mwenyewe.