Tupeane uzoefu: Ni lini uligundua umeshahama rika?

Chizi wa Zabibu (mwenye uzi): Wakuu, habari za jioni. Jana nimepanda daladala ya Nkuhungu, imejaa, nimening'inia zangu kama kawaida. Dogo mmoja wa sekondari akanyanyuka: "Mzee, shikamoo, kaa hapa." Nikageuka nimwone huyo mzee. Nyuma yangu kuna mlango tu. Nina miaka 44! Nilikaa, lakini mpaka nashuka sijui hata redio ilikuwa inasema nini. Usiku ndipo nikakumbuka kwamba hata namba za luku siku hizi naisogeza simu mbali mpaka mkono unaisha. Haya, wewe ulijuaje umehama rika? Utotoni, ujanani, popote.

Mlenda Mkavu: Karibu kundini mkuu. Lenzi ya jicho inakuwa ngumu, ukifika arobaini na kitu haponi mtu. Nunua miwani ya kusomea, acha kurefusha mkono.

Sauti ya Nne: Umenikumbusha mbali. Mpwapwa, darasa la saba, kwaya ya kanisa, siku ya Pasaka. Mimi ndiye nilikuwa naanzisha, sauti nyembamba, kina mama wanapangusa macho. Siku hiyo ubeti wa kwanza umekwenda vizuri. Wa pili ikatoka sauti ya mbuzi, halafu ya baba yangu, halafu ya mbuzi tena. Mwalimu wa kwaya kanikazia macho, anadhani naleta masihara. Kina mama walewale wa machozi wamejiziba kanga mdomoni, mabega yanatikisika. Hakuna aliyeniambia kwamba koo linakua na nyuzi za sauti zinarefuka. Wiki nzima nilikuwa nanyonya ndimu na chumvi. Mpaka leo naimba bafuni.

Mama Ubuyu: "Ya mbuzi tena" 😂😂 nimecheka mpaka mboga imeungua.

Binti Kongwa: Wanaume mna raha. Mimi nimevunja ungo darasa la tano, miaka 11, nikadhani nimekalia msumari wa dawati. Mama kanipa kipande cha kanga kuukuu na sentensi moja: "Kuanzia leo usicheze na wavulana." Basi, somo limeisha. Wiki ileile mtoto wa jirani kanirushia mpira wa rede ukanipata mgongoni, siku tatu sikulala, najua tayari nina mimba. Wenye mabinti semeni nao mapema, wengine mwili unaanza kubadilika na miaka 8 au 9.

Msomi wa Ng'ong'ona: Kitaaluma, mwanasaikolojia Erik Erikson aligawa maisha ya mtu katika hatua 8. Mtoto mchanga anajifunza kuamini watu, aliyebalehe anajitafuta yeye ni nani, wa makamo anataka awaachie kitu wanaomfuata, na mzee anakaa kujihesabia kama...

Konda wa Zamani: Hatua ya kusubiri bumu, ile hela ya mkopo wa chuo, aliiweka ya ngapi?

Msomi wa Ng'ong'ona: Watu kama nyie ndio mnaharibu nyuzi.

Mama Chipukizi: Samahani natoka nje ya mada kidogo. Wangu ana miezi 14 hajatembea, anasimama kwa kushika kochi tu. Mama mkwe anataka tumchimbie shimo uani awe anasimamishwa humo.

Mlenda Mkavu: Mchimbie. Sisi kule Bahi tumesimamishwa mashimoni na tunatembea mpaka mnadani.

Binti Kongwa: Acha kupotosha watu. Kuna wanaotembea na miezi 9, kuna wa mwaka na nusu, wote wazima. Dada, ikipita miezi 18 hajapiga hatua, au ukiona amelegea, wahi kliniki. Na kwenye kadi yake angalia uzito usitoke kwenye kijani.

Mlenda Mkavu: Ujuaji umeanza. Shimo halijawahi kuua mtu.

Binti Kongwa: Wewe walikusimamisha humo na mpaka leo hujatoka.

Chizi wa Zabibu: Jamani, mada!

Mama wa Chamwino: Nilikuwa nasoma kimya kimya, leo niseme. Nilikuwa na miaka 46. Siku zangu zilishaanza kuruka, mwezi huu zinakuja, miezi miwili hazipo, na usiku natoka jasho mpaka mto unaloa. Wenzangu wakaniambia ndio ukomo huo, nikashukuru Mungu. Mara ya mwisho kuziona ilikuwa tunavuna uwele. Mwezi wa kumi na moja nikamsindikiza binti yangu wa kwanza kliniki, mimba yake ya miezi sita. Kwenye foleni kizunguzungu kikanishika. Nesi akanikalisha, akanipima presha, akanishika tumbo, akaniuliza, "Mama, wewe umesindikiza au umekuja mwenyewe?" Nikamwambia hiyo ni gesi, tena siku hizi inacheza. Akasema gesi haipigi teke.

Miezi mitano!

Benchi zima kimya. Kisha mmoja akaanza kucheka, wengine wakadaka. Binti yangu alinyanyuka, akatoka, akapanda bodaboda, akaniacha nimeshika kadi yake. Wiki mbili hakunisemesha. Anasema uso atauweka wapi kwa wakwe zake. Mimi mwenyewe kanisani siendi, dukani naenda na vitenge viwili na sweta juu, na jua la Novemba mnalijua. Mume wangu peke yake ndiye aliyefurahi, mpaka nikamchukia. Kwa umri ule nikaandikiwa kujifungulia hospitali kubwa. Binti alitangulia, msichana. Wiki tano baadaye mimi, mvulana. Nilipofumbua macho nikamkuta kakaa pembeni, wa kwake mgongoni, kashika chupa ya uji. Akasema tu, "Mama, kunywa ungali wa moto."

Konda wa Zamani: Nasimamisha gari hapa. Abiria wote shukeni.

Mama Ubuyu: Pole na hongera mama yangu. Mimi nina 48, mwezi wa tisa huu sioni kitu, nilikuwa nimetulia kabisa. Usingizi umekata.

Binti Kongwa: Hesabu miezi 12 mfululizo bila kuona, ndipo useme umekoma. Kabla ya hapo uzazi wa mpango uendelee.

Sauti ya Nne: Au mzee ahamie chumba cha wageni.

Mlenda Mkavu: Huyo mzee wa Chamwino apewe heshima yake jamani.

Binti Kongwa: Heshima ya nini? Aliyevaa sweta juani ni nani?

Msomi wa Ng'ong'ona: Kitaaluma...

Konda wa Zamani: Dogo, kaa.

Mama Chipukizi: Na mimi na mwanangu ndio mmetusahau?

Chizi wa Zabibu: Dada, umeshajibiwa, subiri miezi 18. Mama wa Chamwino, nina swali. Mpwa kamzidi mjomba wiki tano. Nani anamwamkia nani?

Mama wa Chamwino: Wana miaka 4 sasa, chekechea moja. Jana mjomba kamnyang'anya mpwa wake ubuyu. Mtoto kaja kwangu analia, nikamwambia nenda ukamwombe kwa adabu. Kaenda, mikono kaweka nyuma: "Mjomba shikamoo. Naomba ubuyu wangu." Mjomba kaitikia marahaba, akaendelea kula.